Sura Yake, Injini ya Wote

Mwenye fedha ya kununua Toyota IST ana magari mengine mengi ya kuchagua, ila wengi hawayatazami mara mbili. Sina ugomvi na IST. Spea zake zipo kila kona, fundi wa chini ya mwembe anaijua, na siku ukikwama kifedha unaiuza kabla jua halijazama. Lakini kwa fedha hiyohiyo, na mara nyingine pungufu, mitaani kuna Verossa, Altezza, bB, Opa na Escudo zinazotafuta wenyewe. Ni magari yaliyobuniwa na watu waliotaka yatambulike kwa mbali. Bei zake zimelala kwa sababu soko letu linaogopa gari ambalo jirani hana.

Woga huo una ukweli ndani yake. Wapo walioipenda sura, wakalipa, na baada ya miezi michache gari likawa linalala gereji kuliko nyumbani. Wapo pia wenye gari la jina hilohilo na mwaka huohuo wanaokwenda nalo Songea na kurudi bila kugusa boneti. Tofauti ya watu hawa wawili mara nyingi imeandikwa kwa herufi mbili tatu ndani ya boneti, na yule wa kwanza hakuzisoma siku ya kununua.

Kanuni ninayowapa wanaoniomba ushauri ni fupi: sura iwe ya gari lenyewe, injini na gia boksi viwe vya wote. Vile vinavyochakaa kila siku, yaani belti, koili, pampu ya maji, bushi, bolijointi na breki, viwe vinauzwa tayari kwa ajili ya magari yaliyojaa barabarani. Vile vya peke yake, yaani taa, bampa, milango na dashibodi, viwe ni vitu visivyochakaa vyenyewe bali huvunjwa na ajali. Gari likitimiza hayo mawili unaweza kukaa nalo miaka kumi. Likikosa la kwanza, hata ukipewa bure litakufilisi.

Anza na chesisi namba

Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani hayana ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 unayoiona kwenye magari ya Ulaya. Yana namba fupi: herufi na tarakimu chache, kistari, kisha namba ya gari lenyewe. Sehemu iliyo kabla ya kistari ndiyo yenye faida kwa mnunuzi. Kwa Toyota, herufi ya kwanza, au mbili za kwanza, hutaja familia ya injini. Inayofuata hutaja ukoo wa gari, na tarakimu hutaja kizazi.

Chukua Verossa. Toyota ilipoachana na Chaser na Cresta ilileta saluni hii mwaka 2001, yenye uso wa mikunjo mikali ambao watu ama waliupenda ama waliuchukia, ikaacha kuitengeneza mwaka 2004. Ukiitazama kwa nje huwezi kujua ni ndugu wa gari gani. Fungua boneti usome: ni GX110 au JZX110, herufi zilezile za Mark II ya mwaka 2000 hadi 2004. X ni ukoo wa Mark II. G ni injini ya 1G-FE, silinda sita za mstari mmoja, cc 1,988. JZ ni 1JZ ya cc 2,491. Kwa hiyo mwenye Verossa GX110 akifika Gerezani, Kariakoo, haulizii spea ya Verossa. Anaulizia spea ya Mark II GX110, na muuzaji anaingiza mkono rafuni bila kuuliza swali la pili.

Ukishaizoea lugha hii utaona ndugu waliofichwa kila mahali. Altezza GXE10 imebeba 1G-FE hiyohiyo. Altezza SXE10 ina 3S-GE, injini ya mbio, na mtu asikudanganye kwamba ni ile 3S-FE iliyozagaa kwenye Corona na RAV4 za kwanza: vipuri vyake vingi havifanani. bB ni NCP30 au NCP31, Probox ni NCP50 au NCP51, IST ni NCP60 au NCP61. Hiyo N ya mwanzo ni familia ya NZ, ile ya Vitz. Opa ZCT10 ina 1ZZ-FE ya cc 1,800. Opa ACT10 ina 1AZ-FSE ya cc 2,000. Mahali pa kuwa makini ni herufi A, kwa sababu imebeba familia mbili. Kwenye magari ya miaka ya 1990, kama Corolla AE111 na Carina AT211, ni injini za A za zamani, ngumu na nyepesi kutengeneza. Kwenye magari ya kuanzia mwaka 2000, kama Opa na RAV4 ACA20, ni AZ, nazo ni habari nyingine.

Herufi S iliyoponza wengi

Habari yenyewe ni hii. Mwishoni mwa jina la injini ya Toyota kuna herufi zinazoeleza ilivyoundwa. FE ni injini ya kawaida ya kunyunyiza petroli kwa umeme. FSE ina S katikati, na hiyo ndiyo watu wanaiita D4. Toyota ilianza nayo mwaka 1996 kwa 3S-FSE kwenye Corona Premio, kisha ikaja kwenye Vista, Nadia, Opa, RAV4, Brevis na mengine.

Katika injini ya kawaida, nozeli hunyunyizia petroli kwenye njia ya hewa, nje ya valvu. Petroli huingia silindani ikiwa imechanganyika na hewa, na njiani huosha mgongo wa valvu. Katika D4, petroli hupigwa moja kwa moja ndani ya silinda. Ili ipenye humo wakati hewa imeshabanwa, inahitaji pampu ya pili yenye presha kubwa sana, inayozungushwa na injini yenyewe. Pampu hiyo hulainishwa na petroli inayopita ndani yake. Petroli ikiwa na maji au uchafu, pampu huanza kuchubuka. Ikivuja, petroli huteremka kwenye oili: ukichomoa dipstiki unakuta oili imezidi alama na inanuka petroli, na oili ya namna hiyo hailindi tena chuma. Nozeli nazo zimekaa katikati ya moto, kwa hiyo huziba kwa masizi. Na kwa kuwa valvu haziogeshwi tena na petroli, njia za hewa hujaa ute mweusi.

Dalili zake mafundi wetu wanazijua kwa moyo: gari linamisi asubuhi, sailensa inapanda na kushuka, likizimwa lina moto haliwaki kwa wepesi. Huko Japani injini hizi zilikuwa na petroli safi na mwenyewe aliyepeleka gari servisi kwa tarehe. Hapa kwetu zinakutana na madumu ya barabarani na fundi asiye na kipimo cha presha ya pampu. Zipo zinazodumu, hasa za baadaye ambazo zilirekebishwa. Ila mtu anayetafuta gari la kukaa nalo kwa fedha ya kubana hana sababu ya kujitwisha D4 wakati gari lilelile, kwa sura ileile, lipo na injini ya FE.

Hapo ndipo Verossa ya cc 2,500 inapoanguka: JZX110 nyingi zina 1JZ-FSE. Brevis ni saluni nzuri kuliko bei yake, ina viti vya kigogo na utulivu wa barabarani, lakini JCG10 na JCG11 zote zilitoka na FSE. Huna pa kukimbilia. Mark X GRX120 inayopendwa sana Kenya nayo ina 4GR-FSE. Sisemi isinunuliwe. Nasema mwenye nayo ajue ananunua gari la petroli safi, oili kwa wakati na fundi mwenye kompyuta.

Matano ya kuyatazama mara mbili

Altezza GXE10. Ilitoka mwaka 1998 na ikapewa tuzo ya Gari la Mwaka la Japani la 1998–1999. Nje ya Japani iliuzwa kama Lexus IS 200, kwa hiyo maarifa yake na spea zake mpya yametapakaa duniani. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma, ni fupi na imetulia barabarani, na saa za dashibodi zilibuniwa kwa mfano wa saa ya mkononi yenye vipimo vidogo ndani ya kikubwa. Kasoro zake: ipo chini, matuta ya mitaa yetu huikwangua, na foleni ya Dar es Salaam huifanya inywe mafuta kama gari kubwa. Tatizo kubwa zaidi ni wenyewe waliotangulia. Vijana wengi waliiteremsha, wakabadili ekzosi, wakaipiga mbio. Tafuta iliyobaki na springi zake za kiwandani na mwenye mvi. Angalia bolijointi za chini za mbele kabla ya kitu kingine chochote.

bB na WiLL Cypha. Hizi ni Vitz zilizovaa nguo nyingine. bB ya kwanza, ya 2000 hadi 2005, ni boksi kwelikweli, na umbo hilo lina faida yake: ndani ni pana kuliko magari yaliyoizidi urefu, na mzee anaingia na kutoka bila kuinama. WiLL Cypha, ya 2002 hadi 2005, ilizaliwa na mpango wa ajabu kidogo ambamo Toyota ilishirikiana na kampuni kama Panasonic na watengenezaji wa bia ya Asahi kuuza bidhaa za vijana chini ya jina moja. Mpango ulikufa, gari likabaki, na taa zake za mbele zilizopangwa juu kwa juu ni vigumu kuzikuta kwenye Toyota nyingine. Chini yake zote kuna injini ya NZ yenye cheni badala ya belti. Oili ikibadilishwa kwa wakati, cheni hiyo utaisahau. Ikipuuzwa, injini huanza kula oili na cheni kupiga kelele asubuhi.

Opa ZCT10. Gari la familia lenye nafasi ya miguu ya nyuma inayoshangaza, ambalo soko limelikataa kwa sababu halieleweki kama ni saluni au stesheni wagoni. Sharti ni Z mwanzoni, na ikiwezekana liwe la 2002 kuja juu. 1ZZ-FE za mwanzo zilijulikana kwa kula oili kwa sababu matundu ya kuirudisha kwenye pistoni yalikuwa madogo. Toyota ililirekebisha hilo.

Escudo ya kizazi cha pili, TD52W. Hii haimo katika ukoo wa Toyota, ni ya Suzuki, lakini Escudo za kutosha zimeingia nchi zetu kiasi kwamba spea si taabu. Ilitoka mwaka 1997. Kinachoitenga na magari mengi ya juu ya bei yake ni kwamba ina fremu ya chuma chini ya bodi, kama lori dogo, na gia nzito ya kupandia tope. RAV4 ya umri wake ina bodi tu na haina gia hiyo. Injini ni J20A ya cc 1,995, ya cheni. Iwashe ikiwa baridi usikilize: mkwaruzo wa sekunde chache mbele ya injini ni cheni inayolalamika. Na usiingize gia ya magurudumu manne kwenye lami kavu; ni ya kwenye utelezi, kwingine inasaga gia boksi.

Utaona kwamba Altezza, Opa na Escudo nilizotaja zote ziko chini ya cc 2,000, nazo bB na Cypha ziko chini zaidi. Si bahati. Ushuru wa bidhaa wa Tanzania hupanda injini inapovuka cc 2,000, na unywaji wa mafuta hupanda nao.

Kagua likiwa baridi

Ukifika kuangalia gari ukakuta muuzaji amekwisha liwasha "ili usisubiri", weka kiganja juu ya boneti, kisha mwambie utarudi kesho asubuhi. Injini baridi husema ukweli ambao injini ya moto huuficha.

Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha oili. Ukikuta ute wa rangi ya chai ya maziwa, maji yamekutana na oili, na gasketi ya kichwa ina neno. Fungua rejeta: maji yawe na rangi ya kulanti, kijani au nyekundu. Yakiwa na rangi ya kutu, mwenye gari alikuwa anajaza maji ya bomba, au mabaya zaidi, maji ya kisima cha pwani yenye chumvi. Sasa tafuta kibati cha kiwandani ndani ya boneti. Kina aina ya gari, chesisi namba na namba ya rangi. Kwa Toyota, 040 ni nyeupe na 202 ni nyeusi. Kama kibati kinasema 040 na wewe umesimama mbele ya gari jeusi, kuna hadithi ambayo hujasimuliwa. Tazama bolti zinazoshika madigadi na boneti: zilizoguswa na spana hupoteza rangi kwenye kona zake.

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake, kisha izime injini inapowaka. Kama haiwaki kabisa, mtu ameiua ili isikusemee. Hila nyingine ni kuiunganisha na taa ya oili ili ziwake na kuzima pamoja. Kwa hiyo kodi mashine ya kupimia, au nenda na fundi mwenye nayo.

Injini ikishawaka, shika mpira wa juu wa rejeta. Kwa dakika kadhaa za mwanzo unatakiwa ubaki wa baridi, kisha uwe wa moto kwa ghafla: hapo thamostati imefunguka. Ukianza kupata uvuguvugu taratibu tangu mwanzo, thamostati imetolewa. Hili ni jambo la kawaida kwetu. Mafundi huitoa wakisema nchi ni ya joto. Bila thamostati, injini huchelewa kufikia joto lake, kompyuta huendelea kumwaga petroli nyingi ikidhani bado ni asubuhi, na silinda huchakaa upesi. Na mara nyingi ilitolewa kwa sababu gari lilikuwa linachemsha. Usiulize kwa nini thamostati haipo. Uliza gari lilichemka mara ngapi.

Acha injini iungurume dakika tano, kisha kanyaga mafuta ghafla huku mwenzako akitazama ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma wakati injini imepata moto ni maji. Mweusi ni petroli nyingi. Kwa gari la oto, kanyaga breki, ingiza R, kisha D: gia ishike ndani ya sekunde moja au mbili, bila kupiga teke. Chomoa dipstiki ya hidroliki kama ipo, iwe nyekundu. Ikiwa kahawia na inanuka kuungua, gia boksi inaomba kuagwa.

Mwisho liendeshe barabara mbovu, redio ikiwa imezimwa. Bushi na bolijointi zikigonga si sababu ya kulikataa gari. Ni sababu ya kushusha bei, maana kwa magari niliyoyataja vitu hivyo vipo dukani. Kutu ya chini ndiyo sababu ya kukataa. Gari lililoishi kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, au lililoishi Kigamboni mbele ya bahari bila kuoshwa chini, huoza mahali ambapo fundi bodi hawezi kufika bila kukata.

Kuagiza au kununua mkononi

Ukiagiza Japani, omba karatasi ya mnada, na usikubali picha peke yake. Gari hupewa daraja: 4.5 na 4 ni mazuri, 3.5 ni la kawaida kwa umri wake, R au RA ni lililopata ajali likatengenezwa. Mchoro wa gari huwa na herufi: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Tarakimu kando ya herufi hueleza ukubwa wa kasoro. A2 tatu nne zisikutishe; S chini ya gari ikutishe.

Kwa Tanzania hakuna umri unaozuia gari kuingia, ila lililopita miaka minane huanza kutozwa ushuru wa uchakavu, na likipita kumi unapanda tena. Magari ninayoyazungumzia yote yamepita huko. Ingia kwenye kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA) cha magari yaliyotumika kabla hujatuma hata senti. Mara nyingi kodi huipita bei ya gari lenyewe. Ndiyo maana kwa magari haya lililopo nchini tayari, ambalo kodi yake ililipwa na mwingine, huwa ndilo la maana. Kenya hata hilo la kuchagua halipo: gari lililozidi miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza haliruhusiwi kuingizwa, na Januari 2025, kwa mfano, mlango ulifungwa kwa yaliyoandikishwa kabla ya 2018. Mkenya anayetaka Altezza atampata mwenye nayo kule kule, akague logbuku, na spea atazitafuta Kirinyaga Road, Nairobi.

Ukinunua kwa mtu, linganisha chesisi namba iliyogongwa kwenye chuma, iliyo kwenye kibati na iliyo kwenye kadi. Hakikisha jina la kwenye kadi ni la anayekuuzia, au awe na mkataba unaoeleweka kutoka kwa mwenye jina. Angalia faini za trafiki zilizolala kwenye namba ya gari, usipoangalia utazirithi. Na usilipe zaidi kwa sababu ya herufi ya pleti. Watu wetu wana mapenzi na "namba D" au "namba E" kana kwamba ndiyo umri wa gari. Herufi hiyo husema gari liliandikishwa lini Tanzania, haisemi lilitengenezwa lini wala lilitunzwaje. Namba C iliyokaa kwa mwalimu mmoja miaka yote inaweza kuwa na afya kuliko namba E iliyopita mikono minne ya madalali.

Lindeni sura

Narudi kwenye nusu ya pili ya kanuni, ambayo wengi huisahau. Injini ya wote haikusaidii siku taa ya Verossa ikivunjika. Grili ya mbele, taa, vioo vya pembeni na bampa za magari haya hazitengenezwi tena kwa wingi, na zilizopo ni za kutoa kwenye gari jingine. Kwa hiyo nunua lililo kamili. Usikubali "taa moja tu, utaipata". Kama ingekuwa inapatikana, muuzaji angekuwa ameiweka. Ukishalimiliki, ungana na wenzako wenye gari kama lako na anza kukusanya kidogokidogo: jozi ya taa za mbele, kioo cha pembeni, vitasa vya milango. Ukisikia moja limepata ajali ya nyuma, nenda kanunue mbele yake. Vitu hivyo viwekwe stoo nyumbani. Havili wala havinywi.

Bima nayo ifikirie. Bima ndogo itamlipa uliyemgonga, haitakurudishia uso wa gari lako. Pia ondoa mapambo ya nje yanayochomolewa, na ugonge namba ya gari kwenye vioo na taa. Wezi wa taa wanajua kuliko sisi ni gari lipi spea zake ni adimu.

Mwaka wa kwanza

Fedha ya kununua gari isiishie kwenye kununua. Ukiwa na milioni kumi, tafuta gari la milioni saba na nusu. Robo inayobaki ni ya gari lenyewe, nayo ina kazi maalumu katika miezi mitatu ya mwanzo, hata kama muuzaji aliapa kwamba servisi imefanyika jana. Badili oili na filta. Kama injini ni ya belti, kama 1G-FE, badili belti ya taiming pamoja na pampu ya maji na beringi zake, kisha andika kilomita. Inayofuata ni baada ya kilomita 100,000. Osha mfumo wa maji, rudisha thamostati, jaza kulanti. Badili hidroliki ya gia boksi kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu au kwenye dipstiki, si ile iliyopo dukani siku hiyo. Mwisho bushi, breki na tairi.

Baada ya hapo weka daftari ndani ya gari. Kila kilichobadilishwa, tarehe na kilomita. Daftari hilo litakuonya kabla kitu hakijafa, litamzuia fundi kukuuzia mara ya pili kitu alichokuwekea mwaka jana, na siku ukiuza litakuwa na thamani kuliko pleti yoyote.

Kuhusu kuuza, lijue mapema: gari la namna hii halitauzika kwa siku moja kama IST. Litamngoja mtu anayelitaka. Kama kazi yako ni ya kuhamahama, au fedha uliyoweka humo unaweza kuihitaji ghafla, nunua IST na usione haya. Mwenye uhakika wa kukaa nalo miaka saba au nane hana cha kupoteza, kwa sababu bei ya magari haya ilishashuka kabla yeye hajafika. Kwa mtu huyo ningesema hivi: anayesafiri mikoani kwa lami achukue Verossa au Altezza yenye G mwanzoni mwa chesisi namba, wa mjini mwenye watoto na mizigo achukue bB au Opa yenye Z, na ambaye lami inaishia kilomita tatu kabla ya kwake achukue Escudo. Akifika yadini akakuta rangi anayoipenda lakini herufi siyo, afunge boneti, ashukuru, aende zake.